Jedwali la Mjomba

Semina zetu zilikuwa Ijumaa saa nane mchana, mara tu baada ya chakula, saa ambayo mtu mwenye akili timamu huwa anasinzia. Mwanafunzi wa uhandisi alisimama mbele na karatasi yake, akaeleza kazi aliyoifanya likizoni katika kiwanda fulani, kisha wahadhiri wa mstari wa mbele wakamchinja. Sina neno lingine. Nilimwona kijana mmoja mrefu, golikipa wa chuo, akiulizwa swali moja tu kuhusu bomba la mvuke, akakaa chini akashindwa kuendelea. Baada ya hapo tulipewa chai na biskuti mbili mbili, na wahadhiri wale wale wakageuka kuwa watu wazuri wa kuuliza habari za nyumbani. Sikuwahi kuwasamehe hiyo biskuti.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, Nairobi, na mimi nilikuwa mtu pekee wa sehemu zetu katika darasa lile. Wenzangu waliniita Mzee wa Majani. Kila chai ilipokuja mtu alinisukumia kikombe: hebu onja, Mzee, utuambie kama hii ni ya shamba la mama yako. Nilicheka nao, lakini moyoni sikucheka. Watu wa kijiji chetu, juu kidogo ya Litein, kwenye milima ya chai, walikuwa wameshaacha kuniita kwa jina langu. Waliniita Injinia tangu siku ya barua ya kukubaliwa, kabla sijashika hata bisibisi. Hata mama yangu mzazi aliniita Injinia. Jaribu kurudi nyumbani umeshindwa mtihani wakati mama yako anakuita hivyo.

Likizo ndefu ilipokuja, wenzangu walipelekwa kwenye mabwawa ya umeme, karakana za reli na kiwanda cha saruji. Mimi nikapelekwa kiwanda cha chai karibu na kwetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Nilinuna wiki nzima. Nilikuwa nimeikimbia chai kwa miguu yangu yote miwili, na serikali ikanikamata ikanirudisha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kizuri pale, nacho ni mjomba wangu.

Alikuwa kaka yake mama. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mjomba ndiye aliyenisimamia kwenye tohara, ndiye aliyenipeleka shule ya kwanza akiwa amenishika sikio. Kabla ya kiwanda chetu kufunguliwa alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Wazungu upande wa Kericho, na huko ndiko alikojifunza kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Majani ya chai yakishanyauka na kupita kwenye mashine ya kukata, hulazwa kwenye trei, yakiwa mabichi na ya kijani. Yanaanza kupata joto yenyewe, yanageuka rangi polepole kuelekea rangi ya shaba, na harufu inabadilika. Kuna wakati wake. Ukiyapeleka kwenye mashine ya kukausha mapema, chai inakuwa kali, inaukamata ulimi. Ukichelewa, inapoteza ladha, inakuwa maji ya rangi tu. Mjomba ndiye aliyesema lini. Aliingiza mkono ndani ya majani mpaka kwenye kifundo, akachota konzi, akainusa, akatikisa kichwa: bado. Akatembea kidogo. Akarudi. Akisema "tayari," trei zikaondoka, na hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini, si mashine, si karani, si meneja. Hakujua kusoma hata namba. Alikuwa na koti la kaki ambalo ni yeye tu alilivaa, na watu walimpisha mlangoni.

Kazi niliyopewa na chuo ilikuwa kupima joto la majani yale kwa wiki sita, siku baada ya siku, nitafute kama joto linaweza kusema lini chai imeiva. Nilipewa kipimajoto kirefu cha kioo kutoka maabara, kimefungwa kwenye pamba ndani ya kisanduku. Nilisaini kwa ajili yake mara mbili.

Wiki ya kwanza nilipima vizuri. Wiki ya pili, kwenye mteremko wa kwenda darajani, baiskeli iligonga jiwe nikaenda chini pamoja na kila kitu. Nilipofungua kisanduku, zebaki ilikuwa inatembea kwenye pamba. Nikajaribu kuizoa kwa kidole, mjinga mimi, ikatawanyika kwenye vumbi la barabara ya murram.

Mtu mwenye akili angepanda basi siku hiyo hiyo akarudi Nairobi kusema kimevunjika, nipeni kingine. Mimi niliogopa. Nilimwona yule golikipa mbele ya macho yangu. Nikaenda kiwandani nikamwambia mjomba peke yake, nyuma ya rundo la kuni.

"Kwani hicho kioo kilikuwa kinajua kitu gani ambacho mimi sijui?" akaniuliza. "Leta kitabu chako. Mimi nitasema, wewe uandike."

Basi nikaandika. Kwa wiki tano nilikaa kwenye gunia karibu na trei, mjomba akasema tayari, nikaangalia saa ya ukutani nikaandika dakika. Safu ya dakika ilikuwa ya mjomba, na ilikuwa ya kweli tupu. Safu ya joto nilijaza mwenyewe kila jioni, kwa kukisia kutoka ile wiki moja ya mwanzo. Niliipanga ipande vizuri, ishuke vizuri. Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka huo, kila siku jua, kila siku majani yale yale, na jedwali langu likatoka safi. Niliporudi chuoni nilimwambia mtunza maabara kwamba kipimajoto kimevunjikia kwenye basi nikirudi. Akanifokea kidogo akaandika kwenye daftari lake. Nikajiona mjanja.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikuwa fupi. Ilikuwa ndefu na ilikuwa inapanda.

Siku ya semina yangu hakuna aliyenichinja. Nilisimama na jedwali langu limechorwa kwenye karatasi kubwa, na mhadhiri aliyenisimamia, Mhindi mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye sote tulimwita Daktari, alitoka kwenye kiti chake akaja kulitazama kwa karibu. Alifuata mistari kwa kidole. Alisema hajaona mwanafunzi aliyekaa na kitu kimoja kwa uvumilivu namna hii. Akaniuliza, "Kwa hiyo meneja akiwa na kipimajoto na jedwali hili, atajua wakati bila mtu wa kunusa?"

Nilitakiwa kusema nini? Nilisema ndiyo, Daktari.

Wenzangu wakanipigia makofi. Biskuti siku hiyo zilikuwa kama mchanga mdomoni.

Nilidhani yamekwisha. Miezi kadhaa ikapita, mvua zikaja, ikaja karamu ya mwaka ya chama cha wanafunzi wa uhandisi. Ilikuwa jambo kubwa. Tuliazima suti. Yangu ilikuwa ya jirani yangu wa bweni, mtu mfupi, na mikono ya koti iliishia katikati ya njia. Wasichana walialikwa kutoka chuo cha ualimu na shule ya wauguzi, wakaja na basi moja na mama mlezi aliyekaa mlangoni akihesabu vichwa. Nilibahatika kucheza na mmoja wa upande wa Kaplong, aliyekuwa akisomea uuguzi, na kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha. Tulisalimiana kwa lugha ya nyumbani, chamgei, tukacheka, tukawasema Wanairobi.

Kisha Daktari akagonga glasi kwa kijiko. Alisema semina ijayo haitafanyika ukumbini. Alikuwa ameandikiana na meneja wa kile kiwanda cha chai, na meneja ameialika shule nzima ya uhandisi, walimu na wanafunzi, waje kulijaribu jedwali kwenye trei zenyewe. Kutakuwa na chai na karamu ndogo baadaye. Na likifaulu, akasema Daktari huku akinitazama kwa upendo wa baba, kiwanda hakitahitaji tena kutegemea pua ya mtu mmoja.

Watu walinipiga mabegani. Yule msichana wa Kaplong alipiga makofi pia, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na huyo mzee wa kunusa atafanya kazi gani?"

Nilimwambia koti linanibana, nikatoka nje, na kweli lilikuwa linanibana.

Wiki mbili zilizofuata sikulala vizuri hata siku moja. Nilipanga kumwambia Daktari ukweli, nikafika hadi mlangoni kwake mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili alinikaribisha akaniambia amependekeza jina langu kwa masomo ya ng'ambo. Mara ya tatu sikubisha. Kughushi matokeo kulikuwa ni kufukuzwa, hakuna mjadala, na nilikuwa namwona mama yangu akiambiwa sokoni kwamba Injinia amerudi na sanduku lake. Nilitaka pia kumwandikia mjomba, nimwonye, lakini hakujua kusoma. Barua zake zote alisomewa na karani wa kiwanda, kwa sauti, mbele ya watu. Kila mlango niliousukuma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilijitengenezea mtego mwenyewe, na mtego wa panya, kama wazee wanavyosema, hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo.

Tulifika na mabasi mawili ya chuo. Ilikuwa siku ya baridi, ukungu umekaa juu ya chai mpaka saa nne, mvua nyembamba isiyoisha. Wenzangu wa mijini na pwani walitetemeka wakaniuliza watu wanaishije huku. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye malori. Niliona majani yanavyoletwa yakiwa yamelowa, mazito, na nilijua, hata mimi mjinga nilijua, kwamba majani kama hayo siku kama hiyo hayaivi kwa dakika za kiangazi. Jedwali langu lilikuwa la kiangazi.

Meneja alikuwa kijana, Mwafrika wa kwanza kushika kiti kile, mtu wa mkoa mwingine. Simlaumu. Alikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba kiwanda hakijaanguka baada ya Mzungu kuondoka, na hapa shule ya uhandisi ilikuwa imemletea sayansi mpaka mlangoni. Alikuwa amepanga viti kuzunguka trei na ubao mweusi pembeni. Alimwita mjomba mbele ya watu wote.

Mjomba alikuja na koti lake la kaki limepigwa pasi. Aliniona, akatabasamu. Hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri kinachofanyika. Alidhani wageni wamekuja kuona kazi yake.

Meneja akaeleza kwa Kiswahili: Daktari atapima joto, ataangalia jedwali, jedwali litatoa dakika. Mzee naye atasema wakati wake kama kawaida. Wakikutana, basi kuanzia mwezi ujao kiwanda kitatumia kipimajoto, na karani yeyote anayejua kusoma ataweza kazi hiyo. Wasipokutana, tutajua jedwali lina kasoro, na mwanafunzi ataeleza kasoro imetoka wapi.

Niliona tabasamu la mjomba likiondoka polepole. Alikuwa ameelewa yote, na kunizidi.

Trei zikajazwa. Daktari akachomeka kipimajoto kipya, akasoma, akaandika ubaoni. Wanafunzi waliinama na madaftari. Mjomba akaanza kutembea kwake, anaenda, anarudi, mkono ndani, pua, kichwa kinatikisika. Bado. Bado. Dakika zilienda. Majani yalikuwa bado ya kijani pembeni, na harufu ya nyasi mbichi iliniingia puani. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia wiki tano karibu na mtu yule. Nilijua harufu inayosubiriwa, na haikuwepo.

Daktari aliangalia saa yake, akaangalia jedwali. "Sasa," akasema. "Jedwali linasema sasa. Mzee anasemaje?"

Mjomba aliingiza mkono. Akachota, akanusa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinusa. Kisha akainua macho akanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu na ubao na chaki mkononi. Yeye peke yake kati ya watu wale wote alijua kwamba kioo kilivunjika darajani.

"Tayari," akasema mjomba.

Meneja akapiga makofi, watu wote wakapiga. Na hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini kwetu mtoto wa dada hamkanushi mjomba mbele ya wageni. Mjomba ndiye baraka yako, na kinywa chake kikikugeuka huna pa kwenda; tulilelewa tukijua hivyo kama tulivyojua moto unachoma. Akishasema neno mbele ya watu, neno limesimama. Nilijificha nyuma ya mila hiyo, nasema kweli. Ilikuwa mila nzuri na niliitumia vibaya, kwa sababu niliogopa, na nilifurahi kwamba sitakiwi kufungua mdomo.

Trei zikaenda kwenye mashine ya kukausha. Tulitembezwa kiwandani, tukaonyeshwa tanuru, tukapiga picha. Halafu ikaja karamu. Meneja aliamuru chai iliyotoka mashineni siku hiyo hiyo itengenezwe kwa wageni, maziwa mengi, sukari nyingi, na mandazi. Wote waliisifu. Daktari alikunywa vikombe viwili. Maziwa yanafunika mengi. Mimi niliionja, ikaukamata ulimi wangu kama tunda bichi. Mjomba alipewa kikombe chake akiwa amesimama mlangoni na wafanyakazi wengine. Alikunywa kidogo, akakiweka kikombe dirishani kikiwa karibu kimejaa, akaenda zake kuangalia trei za mchana.

Mwezi uliofuata karani alipewa kipimajoto. Mjomba alipelekwa uani, kupokea magunia ya majani kutoka kwenye malori na kuyabeba hadi kwenye mizani. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Walimwachia koti, lakini huwezi kubeba magunia yaliyolowa na koti lililopigwa pasi, kwa hiyo akawa haji nalo tena.

Nilisikia habari hizo kwa mama, akinisimulia kama habari ya kawaida. Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa miguu kuelekea kiwandani, kumwambia meneja kila kitu. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka tu. Mjomba alikuwa anatoka zamu, akanikuta njiani, akaniuliza ninakwenda wapi na uso huo. Nikamwambia.

Alinishika mkono, akanitoa barabarani.

"Utamwambia nini? Kwamba nilisema tayari na haikuwa tayari?"

"Nitamwambia nilidanganya mimi."

"Wewe ulidanganya kwenye karatasi. Mimi nilidanganya kwa mkono wangu, mbele ya wageni. Miaka yote hakuna mtu amesema mkono huu umekosea. Sasa unataka waseme nini? Kwamba sikujua kazi, au kwamba niliiharibu chai nikijua? Chagua moja, halafu uende."

Sikuweza kuchagua. Nilikaa kwenye nyasi nikalia, mtu mzima, mwanafunzi wa chuo kikuu. Yeye alisubiri nimalize. Alikuwa na alama nyekundu shingoni, mahali kamba ya gunia inapokaa. Kisha tukarudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, na nilijua kwamba nimefungiwa ndani ya uongo huo maisha yangu yote, na kwamba mlinzi wa mlango ni mtu ninayempenda kuliko wote.

Nilihitimu. Sitaki kusema zaidi juu ya siku hiyo. Lakini mwaka huo shule ya uhandisi ilichapa kitabu chembamba cha semina zake bora, na karatasi yangu ilikuwemo, na utangulizi mfupi wa Daktari. Nilikificha kwenye sanduku langu nyumbani. Mama alikiona, akakipeleka kwa mjomba, na jioni mjomba akaniita kwake. Alikuwa amekishika kichwa chini miguu juu.

"Nisomee," akasema.

Nilijaribu kumwambia ni Kiingereza kigumu, hakina maana. Akanisukumia kitabu mkononi. Basi nikasoma, nikitafsiri sentensi moja moja kwa lugha yetu. Nilifika mahali ambapo Daktari aliandika kwamba safu ya dakika katika kazi hii ni ya ajabu, kwamba siku baada ya siku haina kosa, na kwamba ni mara chache sana mtu hukutana na mpimaji mwenye uhakika kama huyu.

Mjomba aliinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yameanza kupinda kwa magunia, na mikono yake miwili ilikuwa imelala juu ya magoti, imefunguka.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena.